Nimenunua nyumba Kijitonyama, ina nyaya za simu na madishi kila kona. Nizitoeje?

Mama Mwenye Hati

Wapendwa, habari za jioni. Nimenunua nyumba Kijitonyama kutoka kwa warithi wa mzee aliyeijenga miaka ya themanini. Hati imeshahamishwa, funguo ninazo, fundi rangi yuko tayari kuanza. Kinachonikwamisha ni nyaya.

Nikisimama getini nikainua macho, mambo ni haya. Kutoka nguzo ya mti iliyo kona ya mtaa unakuja waya mweusi mnene, wa pacha, umefungwa kwenye ndoano chini ya fisha bodi kisha unashuka hadi kwenye kiboksi cha kijivu ambacho mfuniko wake umeshapotea, manyigu wamehamia humo. Kutoka hapo nyaya zinaingia ndani, zimepigiliwa klipu juu ya skatingi korido nzima na kugawanyika vyumba vitatu. Koridoni kuna soketi ya simu yenye kibandiko. Namba imefutika nusu, ila 051 bado inasomeka. Nani anaikumbuka 051 ya Dar? Ninyi wa 022 mnisamehe.

Juu ya paa kuna madishi matatu, moja limeliwa na kutu hadi unaona mawingu upande wa pili. Kila dishi na waya wake, na moja lina nyaya mbili. Kuna bomba la chuma pia lenye antena ya miiba, ya kabla hawajazima analojia Desemba 2012. Nadhani hakuna aliyepanda huko tangu wakati huo.

Kisha faiba. Mpangaji wa mwisho aliingiza intaneti, waya bapa mwembamba kutoka nguzo ya zege, wakatoboa fremu ya dirisha la sebuleni ili upite. Fremu ya mninga, jamani! Ukuta mzima upo pembeni, wao wakachagua mninga. Unaishia kwenye kiboksi cheupe ambacho ukikichomeka umeme kinawasha taa nyekundu.

Zipo na nyaya mbili zinazopita juu ya paa langu bila kushuka, zinaelekea nyumba za nyuma. Na upande wa uani kuna waya mweupe uliobanwa klipu moja na nyaya za simu. Huo unakwenda hadi ukuta wa mpakani, unazama ardhini.

Fundi rangi anasema, "Mama, nipe saa moja nikate zote." Shemeji yangu anasema atakayekata atazikwa. Nimepiga simu kwa kampuni ya intaneti, wakaniambia anayeruhusiwa kuomba waya uondolewe ni mwenye akaunti. Mwenye akaunti ni mpangaji, kahama, simu yake haipatikani. Nikamuuliza yule dada, sasa ukuta ni wa nani? Akaniweka kwenye muziki mpaka salio likaisha.

Naomba mnieleze: zipi nikate mwenyewe, zipi nisiguse, na hayo matundu nizibe na nini kabla ya rangi?

Kata Tu

Dada unajipa presha bure. Hati yako, ukuta wako. Chukua koleo pita nazo zote, shaba kusanya ukauze, kilo ya shaba siyo mchezo siku hizi. Nilifanya hivyo Mbagala na hakuna mtu alikuja kuniuliza.

Mstaafu wa Laini

Hujambo mwanangu, na hongera ya nyumba.

Mimi nimesomesha watoto kwa nyaya hizo. Niliingia kazini enzi za Posta na Simu, kabla ya 1994 walipoigawa posta ikaenda zake na simu zake, nikamalizia TTCL. Huyo kijana aliyesema pita nazo zote hajawahi kukata waya wenye mvutano akiwa juu ya ngazi. Angekuwa amefanya hivyo mara moja asingetuandikia kwa furaha namna hiyo.

Koleo iache kabatini kwanza. Toka nje asubuhi, chagua waya mmoja, uufuate kwa macho toka unapoingia ukutani mpaka unapoishia, usirukie wa pili kabla wa kwanza hujaumaliza. Piga picha. Waya ambao umeziona ncha zake zote mbili na zote ziko ndani ya uzio wako, huo ni wako. Wenye ncha moja nguzoni ni wa kampuni, hata kama umeshikizwa kwenye fisha bodi yako. Wenye ncha kwa jirani una mazungumzo na jirani. Na waya usiojua unakoishia uhesabu ni umeme mpaka fundi umeme akuambie vinginevyo.

Huo mweupe wa uani ndio umenifanya nivae miwani nisome tena. Kwa miaka yote niliyofanya kazi sikuwahi kuona laini ya simu ya nyumba moja inatoka uani na kuzama ardhini kwa jirani. Usiuguse. Mwite fundi umeme kabla ya fundi rangi.

Sasa ule mnene wa pacha. Ulitengenezwa ubebe uzito wake wenyewe kutoka nguzoni hadi nyumbani, kwa hiyo umeimarishwa kwa chuma, shaba yake ndogo. Laini ikiwa hai ina volti 48 za betri kutoka kituoni, na kengele ikilia hupita volti 75 hadi 90 za namna nyingine. Hizo hazikuui ukiwa chini na mikono mikavu. Ukiwa juu ya ngazi zinatosha kukuachisha ngazi, na kinachoua hapo ni sakafu. Laini yako ina uwezekano mkubwa imekufa zamani, lakini waya uliokufa kwa simu unaweza kufufuliwa na umeme. Ulikopita huko njiani, nyaya za TANESCO ziko juu yake. Gamba likichubuka pakagusana, unaletewa volti 230 mpaka kwenye kiboksi cha manyigu.

Kwa hiyo fundi umeme akija kwa ajili ya ule mweupe, apime na huu. Atumie mita, asitumie testa ya kitaa, ile bisibisi yenye taa ndogo, peke yake. Testa ile haiwaki kwa volti 48, kwa hiyo ikiwaka kwenye shaba ya simu ujue kuna umeme umepotea njia, shukeni mpige simu TANESCO. Isipowaka haijakupa ruhusa yoyote, ndiyo maana nikasema mita.

Jambo ambalo watu hawalijui ni nguzo. Nguzo ya mti huozea pale inapoingia ardhini. Juu unaiona nzima, chini imebaki unga. Tulikuwa tunaigonga kwa nyundo shinani kabla ya kupanda, tukisikiliza. Zipo nguzo mjini humu zilizosimama kwa sababu nyaya za upande huu zinavutana na za upande ule, si kwa sababu ya shimo lake. Ukikata upande mmoja umeondoa kamba iliyokuwa inaishikilia. Na wenyewe waya, ukiukata pale kwenye ndoano, utalala barabarani usawa wa shingo ya bodaboda, au utaruka ukakumbatiane na umeme. Waya wa kutoka nguzoni hushushwa kuanzia nguzoni, na hushushwa na wenye nguzo.

Wewe kazi yako inaanzia kwenye kiboksi cha kijivu kuingia ndani. Umeme ukishapimwa ukaonekana haupo, wafukuze manyigu, tenganisha nyaya za ndani na ule wa nje. Za nje kila uzi ufunge tepu peke yake, rudisha kifuniko chochote ili mvua isiingie. Za ndani ng'oa zote, hizo ni mali yako.

Kuhusu kampuni, acha kupiga simu. Andika barua, nakala mbili, wagonge muhuri kwenye nakala yako. Ambatisha mkataba wa mauziano na picha ya waya hadi nguzoni. Na angalia unachoomba. Ukiomba kufunga akaunti watakurudisha kwa mpangaji, na kwa hilo wana haki, kwa sababu akaunti si yako na deni lake si lako. Omba waondoe miundombinu yao kwenye kiwanja chako. Hilo halihitaji ruhusa ya mpangaji. Wakikaa kimya, TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, wanapokea malalamiko, ila watakuuliza kama ulianza na kampuni. Hapo utatoa nakala yenye muhuri.

Na wewe wa Mbagala: Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inahesabu kuharibu miundombinu ya mawasiliano kuwa kosa. Mtu anakutwa na rola la waya wa kampuni kwenye toroli, anaelekea kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, halafu aanze kueleza kwamba yeye alikuwa anapaka rangi. Nimewaona wakieleza.

Mama Mwenye Hati

Shikamoo mzee wangu, na ahsante sana. Nimesoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili fundi rangi asikie. Amesema yeye kazi yake ni rangi.

Swali dogo. Ile soketi ya korido nimeifungua skrubu. Nyuma yake kuna kisanduku cha chuma kwenye ukuta na bomba linalopanda hadi darini. Nyaya za bomba hilo nazo ninyofoe?

Mstaafu wa Laini

Marahaba. Bomba! Huyo mzee aliyejenga alikuwa na fundi mzuri. Hiyo ni mali kuliko waya wenyewe.

Usinyofoe mikono mitupu. Funga kamba ya nailoni kwenye ncha ya chini ya waya, izungushie tepu fundo lisiwe nene, halafu mtu avute kutoka juu darini taratibu. Waya unatoka, kamba inabaki ndani ya bomba. Iache humo, funga ncha zote mbili. Siku ukitaka kupeleka waya wa intaneti upande wa vyumba, utafunga huo mpya kwenye kamba na kuuvuta, wala hutagusa plasta. Ukihisi umekwama usipigane nao. Sukuma nyuma kidogo, vuta tena. Ukikatalia kabisa, ukate usawa wa kisanduku uuache humo.

Bomba la simu liwe la mawasiliano tu. Fundi asije akakushauri apitishe humo waya wa soketi ya umeme.

Kwenye kisanduku weka kifuniko bapa kisicho na tundu, wanauza maduka ya vifaa vya umeme Kariakoo. Kiko usawa wa ukuta, rangi inapita juu yake.

Kijana wa Mkonga

Mimi nafunga faiba, naomba niongezee hapo kwa dirisha la mninga. Kwanza pole, aliyetoboa fremu alikuwa anakwepa kutafuta drili ya ukuta. Tunawajua.

Taa nyekundu maana yake mwanga haufiki kwenye kifaa. Ama wameshakuchomoa kwenye boksi la nguzoni, ama waya umekunjwa mahali. Lakini usichukulie kwamba umekufa ukaanza kuchungulia ncha. Mwanga unaopita humo ni wa nanomita 1490 kuja na 1310 kurudi, jicho halioni hata kama upo. Kwa hiyo hakuna kuchungulia, na watoto pia.

Faiba ni uzi wa kioo unaopitisha mwanga, ndani yake hakuna umeme, hilo fundi rangi wako asiogope. Ila waya bapa huo una kamba ya chuma ubavuni ya kuuning'iniza, na chuma kikigusana na nyaya za TANESCO huko nje, alichosema mzee kinahusika vilevile.

Ukitaka kuutoa kwenye mninga: chomoa kile kichwa cha kijani kutoka kwenye kiboksi. Kichwa hakipiti kwenye tundu, na fundi aliyefunga alikivisha humo humo sebuleni baada ya kupitisha waya. Kata nyuma ya kichwa, vuta waya utokee nje. Hapo kwenye kukata zingatia: vipande vya kioo ni vyembamba kama unywele, vikiingia kidoleni huvioni unavisikia tu. Kata juu ya gazeti, okota kwa tepu, tia kwenye chupa yenye kifuniko. Usipanguse meza kwa mkono.

Nje uzungushe duara pana kama sahani ya pilau, ufunge ncha kwa tepu isiingie maji, ning'iniza chini ya upenu. Nakushauri usiombe waondoe kabisa kama unafikiria kuweka intaneti yako. Njia ikiwa ipo, fundi anakuja na kichwa kipya tu, tena mwambie apitishe ukutani. Lakini ukiwa umeshaamua hutaki, barua ya mzee ndiyo njia.

Kile kiboksi cheupe kwa kawaida ni cha kampuni, hukopeshwa mteja. Piga picha namba zilizo mgongoni, kipeleke ofisini na barua yako, wakuandikie wamekipokea. Usimgawie mtu.

Zile mbili zinazopita juu bila kushuka ni za majirani zako. Ukikata moja, kesho yake asubuhi utamjua ni nani kwa sura.

Mwana Tudor

Salaam kutoka Mombasa. Mimi langu ni la rangi, maana mambo ya nguzo mmeyamaliza.

Hapa kwetu na hewa ya bahari, misumari midogo ya klipu hushika kutu ndani kwa ndani. Nilipohamia flati yangu fundi alizitoa nyaya, misumari akaivunja vichwa, akapaka juu. Mvua za kwanza tu ukuta ulikuwa una michirizi ya rangi ya chai kila hatua moja kutoka mlangoni hadi jikoni. Dar pia ni pwani, dada, usimuache fundi akakufanyia hivyo. Kila msumari ung'olewe mzima, kwa koleo, na kibao chembamba chini yake usiumize plasta. Penye doa la kutu paka kwanza praima ya mafuta, ndipo rangi ya maji. Rangi ya maji peke yake haifichi kutu hata upake mara nne.

Na tundu la waya ukutani usilizibe kwa upande wa ndani pekee. Sisi hapa mafundi huziba ndani, pakaonekana pazuri, maji yakaingia kwa nje na kukaa humo.

Fundi Dishi Temeke

Kabla hujapandisha mtu: paa lako ni bati au asbesto? Nyumba za miaka hiyo zimejaa asbesto. Kama ni asbesto hakuna kutoboa, hakuna grainda, hakuna kusugua, lile vumbi ni sumu ya mapafu. Nati za dishi ziloweshwe, zifunguliwe kwa spana polepole, zikikatalia dishi libaki na mguu wake, mtoe sahani peke yake. Na asikanyage mtu katikati ya shiti, zikizeeka zinapasuka bila kuonya.

Kama ni bati ni rahisi. Chomoa visimbuzi vyote kwanza, vile hupeleka volti 13 au 18 kwenye kichwa cha dishi, si za kuua mtu ila fundi akigusisha waya unaunguza kisimbuzi. Nyaya za dishi ni zako zote, kata upendavyo. Huyo mwenye ndoto za shaba ajue nyingi za bei ya chini ndani ni chuma kilichopakwa shaba, mnunuzi anaweka sumaku anakucheka.

Tundu la nati kwenye bati usizibe kwa lami ya vipande vipande. Weka skrubu ya bati yenye washa ya mpira, iwe nene kidogo kuliko tundu, na silikoni ya paa chini yake. Ukutani, toboa uchafu wa zamani utoke, lowesha, jaza saruji na mchanga mlaini kutokea nje, ndani malizia na skimu. Kwenye mninga usijaze saruji! Kata kipande cha mninga uviringe kama kalamu, gonga na gundi ya mbao, piga msasa, vanishi. Fundi seremala anakufanyia unasubiri.

Ile antena ya miiba usiitupe haraka. Analojia ilizimwa, antena haikuzimwa. Kama ni ya UHF, yenye miiba mifupi mingi, visimbuzi vya antena bado vinaitumia. Badilisha waya tu, bomba likiwa halijaoza chini.

Mama Mwenye Hati

Nimerudi na habari, kaeni vizuri.

Paa ni bati, nyumba kubwa yote. Banda la uani ndilo lenye asbesto, na dishi la kutu liko hapo hapo, kwa hiyo tumetoa sahani mguu tukauacha. Antena ni ya UHF, imebaki.

Barua nimepeleka kampuni mbili, ya simu na ya intaneti. Wa simu walinitazama kama nimeleta posa, lakini wakapiga muhuri. Vijana wao wamekuja na ngazi yao, wakagonga ile nguzo kwa nyundo kama mzee alivyosema, wakatazamana. Hawakupanda. Wamerudi siku nyingine na gari, wameitegemeza kwanza kwa kamba, ndipo wakashusha waya wangu. Nguzo yenyewe wamesema itabadilishwa. Wa intaneti wamepokea kiboksi chao wakaniandikia, waya nimeuacha umezungushwa chini ya upenu. Seremala ameziba mninga, huoni hata ukiambiwa.

Nyaya za juu ni za nyumba mbili za nyuma. Nimeongea na jirani, fundi wao atazihamishia pembezoni mwa uzio, ila nimewapa muda, si ugomvi.

Sasa ule mweupe. Fundi umeme kapima, 230 kamili. Tumezima swichi kubwa, tumefuatilia: unatoka soketi ya stoo, umepita pamoja na nyaya za simu ili ufanane nazo, umepita chini ya ukuta na kuibukia kwenye banda la chipsi upande wa pili. Friji la soda, taa mbili na redio, vyote vilikuwa vinakula LUKU yangu tangu siku niliyopewa funguo. Nilikuwa najiuliza uniti zinakwenda wapi na nyumba haina mtu!

Tumeukata. Haikupita nusu saa muuza chipsi yuko getini, amefura. "Mama, mbona umeme umekata na mimi nimelipa mpaka mwisho wa mwezi?" Alikuwa anawalipa warithi kila mwezi, na mwezi huu pia kawalipa. Namuonea huruma, soda zinapata moto. Anauliza kama naweza kumrudishia mpaka ajipange.

Mstaafu wa Laini

Hukumu ya hela ni kati yake na waliomuuzia umeme usio wao. Lakini usimrudishie kwa waya ule hata kwa siku moja. Umezikwa bila bomba, beleshi la mtu au jembe la mtoto likiugusa, mwenye mita ni wewe. Aombe mita yake TANESCO. Muandikie barua kwamba huna pingamizi nguzo ya karibu ikiwa upande wako, hiyo ndiyo huruma inayomfaa. Soda azipeleke kwa jirani mwenye friji.

Na waya uliobaki ardhini mwambie fundi umeme aufukue wote, asiukate tu pande mbili akauacha. Mtu wa kesho hatajua kama umekufa.

Kata Tu

Sawa wazee nimeelewa. Lakini dada hujatuambia, shaba ya ndani ulipata kilo ngapi?

Mama Mwenye Hati

Korido nzima na vyumba vitatu, pamoja na za kwenye bomba. Haikufika kilo moja. Fundi rangi ndiye alikwenda kuuza, karudi na hela ya vocha na maandazi mawili, andazi moja kala njiani.